Hukufeli Kurudi Nyuma

Mjukuu wangu Ndahani,

Una adabu mbaya. Nakuambia hilo kabla ya salamu. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, una mke na mtoto, unasimama kwenye mzani wa zabibu mbele ya kijiji kizima, bibi yako anakutukana, jibu unalo mdomoni, jibu la kuninyamazisha mpaka naingia kaburini, na wewe unasema, "Samahani, bibi," unabeba kreti zako unaondoka. Nani alikufundisha hivyo? Ulipaswa kunijibu. Ulipaswa kusema pale pale, "Bibi, nyamaza, haya ni ya kwako." Badala yake umeniacha peke yangu na maneno yangu, na kila nikiyageuza naona hayakuwa ya kwako hata moja.

Mbukwa, mume wangu. Sasa ndiyo nakusalimu.

Barua hii haina bahasha. Nimeiandika mwenyewe kwa penseli, kwa kusoma kwangu kule kwa ngumbaru, ukubwani, imenichukua siku nne. Jumamosi karani wa mzani ataisoma kwa sauti pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile, watu wakiwa na kreti zao, kabla msimu haujaisha. Halafu ataipiga picha akurushie kwenye simu, maana nasikia siku hizi uko barabarani kati ya hapa na mpaka wa Rwanda, unafunga maturubai ya gari analoendesha mwenzako. Nilikutukana mbele ya watu. Sina ruhusa ya kukuomba radhi kwa siri.

Naanza na mkokoteni, kwa sababu ndio unaoniuma zaidi. Ulikuwa na miaka tisa. Mama yako, yaani mwanangu, alikuwa ameshakuacha kwangu miaka sita, ameolewa mjini, na wewe umeshakuwa wangu. Punda wetu alikuwa yule wa kijivu, mkaidi kama nini sijui. Unakumbuka njia kati ya mistari ya zabibu ilivyokuwa nyembamba, ukishaingia na mkokoteni huwezi kugeuza. Babu yako alikuwa akifika mwisho anamfungua punda, anausukuma mkokoteni kwa mikono, anatukana mpaka anatoka. Siku hiyo wewe ukamshika punda kichwa, ukaanza kumrudisha nyuma polepole, unampeleka kichwa kulia ili mkia wa mkokoteni uende kushoto, unampeleka kushoto ili uende kulia. Ukautoa wote. Hakuna nguzo ya zabibu iliyoguswa. Babu yako akasimama na jembe lake begani, akasema, "Huyu mtoto ana akili ya kinyumenyume." Tukacheka. Wewe ukadhani umetukanwa, ukasusa chakula mpaka nikakueleza kwamba zile ni sifa.

Nilikuwepo pale. Niliona kwa macho yangu. Halafu miaka ikapita, ukaniambia umeshindwa kurudisha gari nyuma, nikaamini palepale, wala sikujiuliza.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Karani, soma taratibu hapa.

Ulipokuwa na miaka mitano macho yako yalianza kutoa tongotongo. Yalivimba, yakawa mekundu, nzi wakayapenda. Kiangazi cha wakati ule maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa korongo, unachimba mpaka kiunoni, unakaa unasubiri yajae kata kwa kata. Ndoo moja ilikuwa ya kupikia, ya kunywa na ya mbuzi wachanga. Kumnawisha mtoto uso mara mbili kwa siku lilikuwa jambo la watu wenye bomba. Lakini mimi nilikuwa na jina. Uwanja wangu ulikuwa umefagiwa kabla jua halijatoka, vyungu vyangu vimefunikwa. Mgeni wa kanisa akija anapelekwa kwangu, hapelekwi kwa mwingine. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Wakaja wauguzi na gari la kipaza sauti. Walitangaza kwamba ugonjwa wa vikope unaharibu macho, unaambukizwa kwa nzi na kwa uso usionawishwa, watoto wote waletwe wapakwe dawa. Walikuja kwa wema, hilo sasa nalijua. Mimi masikio yangu yalisikia kitu kimoja tu, kwamba nyumba ambayo mtoto wake atakutwa na ugonjwa ule ni nyumba isiyonawa. Jirani yetu Mama Yeremia alipanga mstari na watoto wake wanne, bila aibu, mgongoni kabeba wa tano. Nikasimama mlangoni kwangu nikiwatazama wanavyopakwa ile dawa ya tyubu, nikasema kwa sauti ili anisikie, "Wengine tunajua kazi ya maji."

Wewe ulikuwa malishoni. Siku tatu nilikutoa alfajiri na kibuyu cha uji, nikakukabidhi kwa mjomba wako na mbuzi, nikamwambia asikurudishe mpaka gari liondoke. Siku ya pili muuguzi mmoja aliingia uwanjani kwangu, mwanamke mdogo tu, ana daftari. Akaona kandambili zako mlangoni.

"Shikamoo, mama. Hizi za nani?"

"Za mjukuu wangu."

"Yuko wapi tumwangalie?"

"Yuko mjini kwa mama yake. Macho yake mazima."

Akaandika, kisha akaniangalia tena. "Mama, dawa ni ya bure, na sisi hatumtangazi mtu."

"Nimesema mazima. Andika."

Akaandika. Nyuma ya kilima nilikuwa nasikia kengele za mbuzi wetu.

Watoto wa Mama Yeremia leo ni watu wazima, macho yao kama ya kuku, wanaona punje kwenye mchanga. Wewe ulipofika miaka kumi na minane kope zako zilianza kugeukia ndani. Ulisema jicho la kushoto linachoma kama limeingia mchanga. Mimi sikushtuka, kwa sababu mama yangu alikuwa nazo na mimi ninazo. Kwetu mwanamke mzima alikuwa na kikoleo chake kidogo cha chuma, amekifunga kwenye pindo la kanga, kope zikimsumbua anang'oa. Tena mkono wangu ulisifika. Walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kung'olewa na mimi, wakiondoka wanasema hawakusikia kitu.

Ulikuwa unaweka kichwa chako mapajani kwangu. Nakumbuka uzito wake.

"Bibi, umebaki mmoja, kule pembeni."

"Tulia, mume wangu."

"Unaniua."

"Nikikuua nitapata wapi mume mwingine, na umri huu."

Ulikuwa unacheka na jicho limefungwa, na mimi nasubiri umalize kucheka ndipo nivute. Hata ulipooa ulikuwa unakuja kila baada ya wiki mbili, unaegesha kwenye uzio kile kirikuu cha watu, kigari cha mizigo, unakuja kulala mapajani kwangu kama mtoto. Zile ndizo saa nilizozipenda kuliko zote. Hilo nalo naona aibu kuliandika, maana nilikuwa nafuta nyayo zangu mwenyewe. Kope nilizong'oa zilirudi fupi na ngumu kama mabua yaliyokatwa, na zilizidi kukwaruza. Sikukuambia nenda hospitali. Nilikuwa najua, Ndahani. Siyo kwa jina la ugonjwa wala kwa kitaalamu, lakini nilijua jicho lile lilianzia wapi. Kila nilipoliinamia nilikuwa naona zile kandambili.

Mwaka jana, tulipomaliza kuvuna, ulikuja ukakaa kwenye kigoda, una jambo. Ulisema leseni uliyonayo ni ya gari dogo, na kirikuu kitakubebesha zabibu za watu mpaka uzeeke. Unataka kuongeza daraja.

"Daraja E, bibi. Malori makubwa, yale yanayovuta tela."

"Na wewe utayaweza?"

"Ndiyo nasomea. Kuna chuo mjini, na kuna bosi pale Kizota ana semi tatu, amesema nikipata E ananipa kiti. Baadaye naongeza na cheti cha kubeba mafuta."

"Mafuta gani?"

"Petroli."

"Hayo hapana. Yatakulipua."

"Ndiyo maana kuna cheti, bibi. Unafundishwa yasikulipue."

Ulicheka, nami nikajifanya nimekasirika. Ulipoondoka tu nikaanza kutangaza. Nilimwambia mchungaji. Nilimwambia mwenye mashine ya kusaga. Mama Yeremia nilimpitia mara mbili siku ile ile, mara ya pili nikisingizia chumvi. Nilisema mjukuu wangu anavuta tela mpaka Rwanda, na wewe hata darasani hujaingia. Miezi yote uliyosoma, mchana unapaka magari grisi Kizota, jioni unaenda chuoni, mimi huku nilikuwa tayari nimeshakukalisha kwenye usukani. Watu walikuwa wakiniuliza, "Dereva hajambo?" najibu, "Yuko Kigali." Uongo mtupu. Ulikuwa Kizota umelala chini ya injini.

Ndipo ukaja mwezi wa pili, zabibu za kwanza zikiwa zinapimwa. Niliona kirikuu kinaingia, nikaona watu wamejaa mzanini, nikasema leo ndiyo leo. Nilikuuliza kwa makusudi mbele yao, "Iko wapi hiyo leseni kubwa, tuione."

Ukainamisha kichwa. "Sijaipata, bibi. Nimefeli."

"Umefeli nini?"

Ulifikiri kidogo. Wakati ule nilidhani unatafuta kisingizio. Ukasema, "Kurudi nyuma na tela."

Maneno niliyosema baada ya hapo nayaandika kama yalivyotoka, nisije nikajipunguzia. Nilisema, "Kurudi nyuma? Hata punda anarudi nyuma. Miezi yote hiyo mjini ulikuwa unasoma au unakula chipsi? Umeniaibisha. Nimekulea bure. Ningelea mbuzi leo ningekuwa na zizi." Watu wakacheka. Upepo ulikuwa unavuma vumbi, jicho lako la kushoto likaanza kutiririka machozi kama linavyofanya siku zote kwenye vumbi. Na mimi, ninayelijua jicho lile kuliko mtu yeyote duniani, nilisema, "Haya, na analia. Mwanamume mzima analia kwenye mzani."

Ukasema, "Samahani, bibi." Ukabeba kreti zako.

Vijana wakakupa jina la Rivasi, kurudi nyuma kwa lugha ya madereva, kabla kirikuu hakijapotea njiani. Jina hilo nililizaa mimi, wao wamelibatiza tu. Nyie mnaosikia barua hii ikisomwa, mnajijua. Atakayelitamka tena aje alitamke mlangoni kwangu, na mimi nitampa la kwake.

Baada ya siku ile hukuja tena. Wiki mbili zikapita, nikasema amenuna, yatamwisha. Zikapita nyingine mbili. Mkeo akanipigia simu akasema umerudisha kirikuu kwa mwenyewe, umekwenda kuwa utingo kwenye semi. Baba wa mtoto, utingo. Unaweka mawe chini ya matairi na kumchotea dereva maji ya kuoga. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ndiyo saizi yake." Hilo hukulisikia, lakini nakuambia ulijue, kwa sababu nimeamua kutoficha kitu.

Wiki tatu zilizopita alikuja mgeni na pikipiki. Mtu wa makamo, wa mjini, kavaa kofia ya kufuma na koti la mvua, ameshika karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa napepeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni zabibu, mzani uko kule."

"Sijaja kwa zabibu. Mimi naitwa Mwalimu Rajabu, nafundisha udereva mjini. Namtafuta Ndahani, kila nikimpigia simu hapokei."

"Yule aliyefeli?"

Akanitazama. "Nani kafeli?"

"Ndahani. Si alifeli kurudi nyuma?"

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akavua kofia. "Bibi, nimefundisha kazi hii mpaka mvi zimeniota. Ndahani aliingiza tela katikati ya nguzo mara moja tu, kwa vioo vya pembeni, hakugusa kitu. Nikadhani ni bahati, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikawaita wenzake waje watazame. Nilimuuliza umejifunzia wapi, akasema kwa punda."

Ungo ulinitoka mkononi. Nakwambia kama ulivyonitoka, uwele wote ukamwagika na kuku wakaja.

"Sasa leseni imekwama wapi?"

"Jicho, bibi. Hakukuambia?"

Akanieleza yote, na karatasi akanionyesha ingawa mwandiko wa daktari sikuweza kuusoma. Alisema kuongeza daraja lazima upimwe afya, na macho kwanza. Daktari alikuta kope za jicho la kushoto zimeingia ndani zinakwaruza kioo cha jicho. Wakasema gari dogo sawa, lori kubwa hapana, mpaka utibiwe upimwe tena. Upasuaji wenyewe mdogo, wanageuza ukingo wa jicho kope zitazame nje. Ukiwahi, jicho linarudi. Ukichelewa, mikwaruzo inageuka kovu jeupe, na hapo si lori tu litakalokuwa limekwenda, ni jicho.

"Basi si atibiwe," nikamwambia, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekuzuia.

Alizungusha ile kofia mkononi. "Daktari alimuuliza amekulia wapi. Akamwambia ugonjwa huu unaanza utotoni, kwa hiyo nyumba aliyokulia lazima nayo ipimwe, wote. Ndahani aliposikia hivyo akainuka, akatoka, hakuandikisha upasuaji. Nilimfuata nje nikamuuliza, kijana, una wazimu? Akaniambia, Mwalimu, bibi yangu kule kwetu ni mtu wa heshima. Wakienda na daftari lao uwanjani kwake atakufa kwa aibu. Nitasema nimefeli, basi."

Kumbe ulikuwa unajua. Sijui ni mjomba wako aliyekuambia, au ni wewe mwenyewe uliyekumbuka ulivyokaa siku tatu malishoni unasikia kipaza sauti kwa mbali na unakatazwa kusogea. Uliyajua hayo miaka yote uliyokuwa unalala mapajani kwangu. Na ulipotafuta uongo wa kunifunika, ukachagua jambo unaloliweza kuliko mtu yeyote, ukasema hilo ndilo lililokushinda.

Nilimtengenezea Mwalimu Rajabu chai, sukari nikaimwaga nje ya kikombe. Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu, nikaanza kumgombeza na yeye, nikamuuliza kwa nini amechelewa kuja, mwalimu gani huyu. Akanivumilia. Akaniambia yule bosi wa Kizota bado hajatia mtu kwenye kile kiti, atasubiri mpaka alizeti ianze kubebwa. Na matokeo yako ya chuo Mwalimu mwenyewe ameyatunza. Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda, na kuku walikuwa wamemaliza uwele wangu, sikuwafukuza.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Yeremia. Alikuwa anachambua mboga ya mlenda, hakuinua kichwa.

"Karibu. Leo umekosa nini, chumvi tena?"

"Nimekuja kuazima mtu wa kunisindikiza hospitali."

"Unaumwa nini?"

"Macho. Tangu zamani. Na ya Ndahani pia ni mimi. Siku ile walipokuja wale wa dawa, nilimficha."

Akaendelea kuchambua. Nilidhani atacheka. Akasema, "Nilijua. Mbuzi wako walikuwa nyuma ya kilima siku tatu, hawakushuka kunywa maji. Sisi sote tulijua." Halafu akainuka akaenda kutafuta viatu vyake.

Miaka yote hiyo nilikuwa nalinda jina ambalo halikuwepo. Wewe nawe umeacha kiti cha lori kwa ajili ya jina hilo hilo.

Tulikwenda hospitali ya macho sisi wawili. Sista aliyekuwa anaandikisha aliniuliza umri, akaniuliza nimeanza lini kuumwa, akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikamwambia ana nafasi kwenye daftari lake, aandike kwamba nilikuwa na mjukuu wa miaka mitano mwenye vikope na nikamficha.

"Bibi, hapa hakuna sehemu ya kuandika hilo."

"Basi andika pembeni."

Akaandika pembeni. Nilisimama mpaka nikaona kalamu imetembea.

Wakanipima. Jicho langu la kulia wamesema limeshakwenda, lina ukungu mweupe, hakuna upasuaji utakaolirudisha. Nilikuwa nadhani ni uzee. Daktari aliniambia ni kope, zimelikwaruza kidogo kidogo miaka na miaka, pamoja na kikoleo changu na mkono wangu unaosifika. La kushoto wamelipasua, wamegeuza ukingo, nyuzi zimeshatolewa. Kazi yote haikufika muda wa kupika ugali. Sindano ile ya ganzi inauma, sikudanganyi, baada ya hapo husikii kitu. Sasa sisikii kitu kinachonichoma, nashangaa, sikujua kumbe watu wengine wanaishi hivi.

Wiki iliyofuata watu wa hospitali walikuja na daftari lao mpaka uwanjani kwangu. Walimpima mjomba wako, wakawapima watoto wake. Mkeo nilimwita akaja na mtoto wenu, naye akapimwa, macho yake mazima, na safari hii ni kweli. Majirani walisimama kwenye uzio wakitazama. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja na bandeji yangu, wanione vizuri. Sikufa. Ulikosea hapo, mume wangu. Aibu ilinipata, na bado ninayo, nalala nayo naamka nayo, lakini hainiui.

Kwa hiyo huna tena cha kunifunikia. Kile kisingizio chako nimekimaliza.

Nisamehe. Neno hilo moja limenila asubuhi nzima, nimelifuta mara mbili nikaliandika tena. Sikulizoea, hata babu yako sikuwahi kumwambia. Nisamehe kwa zile siku tatu, na kwa mzani, na kwa kucheka machozi ambayo sababu yake naijua mimi. Usiponisamehe pia ni haki yako, lakini jicho lisingoje msamaha wako. Na kama utapimwa tena na wao wakasema hapana, wakasema tumechelewa, basi utakuwa umekataliwa kwa kosa langu, na mtu akikuuliza umwambie hivyo, kwa jina langu.

Sasa sikiliza, sikuombi, nakuagiza. Gari lenu likifika Dodoma kushusha mzigo, chukua begi lako ushuke, mwambie dereva atafute utingo mwingine. Usije kwangu. Ukija kwangu nitachinja kuku, utakaa, tutaanza maneno, siku zitapita, na mimi nakujua na wewe unanijua. Nenda hospitali na vumbi lako hilo hilo la safari, andikisha jicho lako, na wakikuuliza umekulia wapi, taja jina langu lote. Wakishakupasua nenda kwa Mwalimu Rajabu akupe siku ya kupimwa upya, nenda Kizota ukamwambie bosi akungojee. Vyote hivyo vikiisha, iwe una leseni au huna, ndipo uje.

Hospitali kwanza, Ndahani. Kwangu mwisho.

Bibi yako, mama wa mama yako